Jirani yatima ni mzigo wa nani?

*Jirani yetu, bibi mzee, analea wajukuu watatu yatima. Wenzangu wa jumuiya wanasema hilo ni jukumu la ukoo wake. Nimechoka kusaidia peke yangu. Nifanyeje?* — Mama wa Mafinga, Iringa

Pole, mama. Uchovu wako si upungufu wa imani. Kazi ya wengi imeangukia mmoja. Utafiti wa VVU wa 2022–2023 ulionyesha Njombe, Iringa na Mbeya zikiongoza kwa maambukizi Tanzania Bara, na huko bibi wanaolea wajukuu si wachache. Wenzako wana hoja: Paulo, akimwandikia Timotheo, anaanza na ndugu wa damu. Lakini hasemi ukoo ukielemewa watu wafunge milango. Katika Matendo sura ya 6, wajane waliposahauliwa, waumini walichagua watu saba wasimamie mgawo. Hawakumngoja mwenye huruma ajitokeze. Nanyi pangeni zamu, mmoja ashike daftari la mahindi na ada, na ndugu waliopo waitwe hata kama wana kidogo. Afisa ustawi wa jamii aelezwe mapema. Mtoto akipigwa au akinyimwa chakula, usingoje kikao: piga 116, ni bure.