Hatua ni mbili au tatu?

SWALI: Katika mechi ya vyuo hapa Shinyanga, mpinzani alidaka pasi akikimbia, akapiga hatua tatu, akafunga. Mwamuzi akakubali kikapu. Je, hakutembea na mpira?
Mwanachuo, Shinyanga

JIBU: Huenda mwamuzi alikuwa sahihi. Tangu Oktoba 2017, kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, hazihesabu mguu uliokuwa chini wakati mchezaji aliye mwendoni anaushika mpira. Hatua mbili huanza baada ya hapo, ndiyo maana shabiki huona tatu. Aliyesimama hana nafuu hiyo: akianza kudunda, mpira lazima umtoke mkononi kabla hajainua mguu wa egemeo, yaani ule anaozungukia. Kwa hiyo, kabla ya kumzomea mwamuzi, tazama miguu ilikuwa wapi mpira uliposhikwa. Waamuzi wetu wanastahili haki hiyo.