Satelite inaona mlima, haijui shamba ni la nani



Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua kubwa ilinyesha Kalehe, Kivu ya Kusini. Mito ikafurika, udongo na mawe vikashukia Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Kalehe inapakana na Masisi na Walikale, na milima yetu inafanana na ile.

Msiba wa namna hiyo ukitokea, satelite zinaweza kuonyesha upesi mahali udongo umeshuka na barabara imekatika. Tangu 2000 kuna mapatano ya mashirika ya anga ya kutoa picha hizo bure. Lakini kwetu mawingu yanafunika siku nyingi, na satelite ya picha za kawaida inaona weupe tu. Zile za rada, kama Sentinel-1 ya Ulaya, zinapenya mawingu, hata usiku. Shida nyingine ni ukubwa: katika picha za Sentinel-2, nukta moja ni mita 10 kwa 10. Shamba la maharagi la mama mmoja linabaki nukta chache tu. Nani alikuwa analima pale, depo ilikuwa wapi, satelite haisemi. Hayo tunayasema sisi.

Simu yenye GPS inapokea satelite moja kwa moja, haitaji rezo wala vitengo. Toka nje, mahali pa wazi (Walikale, ndani ya pori, tafuta mahali miti haifuniki), ngojea dakika chache, kisha andika namba mbili kwenye kaye. Karibu na Masisi-centre ya kwanza inaanzia -1,4 na ya pili 28,8. Walikale-centre ni -1,4 na 28,0.

Tafadhali, ile alama ya kutoa mbele ya 1 musiisahau! Inamaanisha kusini ya ikweta. Ukiiacha, shamba lako la Masisi linaruka kilomita 300 na zaidi, linaanguka Ituri, kati ya Epulu na Mambasa, na msaada unatafutwa kule.

Pamoja na namba, andika siku, saa, kitu gani kimefunikwa, na kama watu wamebaki chini. Usisimame juu ya mteremko wenye nyufa ili upate namba nzuri. Pima upande wa pili na useme umepima kutoka wapi. Mjulishe kwanza shefu wa kijiji, na usipige picha penye watu wenye silaha. Simu imeshaletea watu matatizo.

Sekretere wa koperative apeleke nakala kwa shefu wa groupement na ofisi ya teritware.

Musingoje msiba. Kabla ya mvua za mwezi wa tisa, pimeni depo, madaraja, masomo na chemchem. Kaye moja ibaki depo, nyingine ibaki nyumbani kwa mtu anayekaa mbali na mteremko.