FAIDA YA WAKULIMA WA MBOGA NA MATUNDA KUJIUNGA KATIKA CHAMA

Somo hili ni la mkulima mwenye shamba dogo alimaye nyanya, vitunguu, kabichi, maharagwe ya mboga, maparachichi, maembe, au zao lo lote liuzwalo likali bichi. Shabaha yake ni kueleza kwa nini mkulima wa mazao hayo ahitaji chama kuliko hata mkulima wa mahindi au kahawa. Chama chaweza kumfanyia nini, nacho chamtaka yeye afanye nini. Yafaa somo hili lisomwe kwa sauti mbele ya wenzi, kisha lizungumzwe.

1. Tabia ya mazao mabichi

Kila zao lina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo itawalayo biashara yake. Mahindi yaliyokauka vizuri hukaa ghalani miezi mingi. Kahawa iliyokaushwa humngoja mnunuzi. Lakini katika kilo 100 za nyanya, zaidi ya kilo 90 ni maji. Tena nyanya, hata ikiisha kuchumwa, huendelea kupumua na kuiva kama kitu kilicho hai. Joto likizidi, hupumua upesi zaidi na kuoza upesi zaidi. Nyanya iliyoiva ina siku chache tu. Mchicha hunyauka siku ile ile ung'olewapo. Kabichi huvumilia kidogo, na kitunguu kilichoanikwa vema huvumilia zaidi.

Mnunuzi aijua tabia hii sawasawa. Ajua ya kuwa mwenye nyanya zilizoiva akataaye bei saa mbili asubuhi ataikubali bei ndogo kuliko hiyo saa kumi alasiri, maana kesho huenda asiwe na kitu cha kuuza. Basi mara nyingi mkulima huuza si kwa kuwa bei imempendeza, bali kwa kuwa zao lamfia mkononi. Huu ndio mzizi wa shida. Tusiseme kwamba kila mnunuzi ni mtu mbaya. Yeye naye ana gharama ya gari, na mzigo waweza kumwozea njiani. Lakini yeye ana habari za soko, ana gari, naye huzungumza na wakulima mmoja mmoja.

2. Hasara za mkulima aliye peke yake

Hasara ya kwanza ni ya kipimo. Wakulima wa vitunguu na viazi waijua lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kichwa kwa kamba na nyavu. Sheria ya Vipimo ya Tanzania, Sura ya 340, yaikataza. Na huko Kenya kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka kwamba mfuko usizidi kilo 50. Walakini sheria pekee haiwezi kusimama shambani siku ya kuuza. Tufanye mfano: mkulima akubali bei ya gunia la kilo 100, kisha gunia lijazwe hata lifike kilo 130. Katika magunia 10 atakuwa ametoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu ya jasho lake. Akikataa peke yake, mnunuzi atakwenda kwa jirani. Wakikataa wote kwa pamoja, mnunuzi hana jirani wa kumwendea.

Hasara ya pili ni ya usafiri. Tuseme wakulima wanane wana nyanya, kila mmoja matenga 10. Mkulima akikodi gari dogo peke yake kwa shilingi 80,000, kila tenga limemgharimu shilingi 8,000. Lakini wote wanane wakikodi lori moja kwa shilingi 240,000, likachukua matenga yote 80, kila tenga limegharimu shilingi 3,000. Kila mmoja ameokoa shilingi 50,000 kwa safari moja. Hesabu hii ni ya mfano. Tieni bei za kwenu ninyi, mtaona njia ni ile ile.

Hasara ya tatu ni ya habari. Bei ya asubuhi katika soko la Kilombero, Arusha, au la Ilala, Dar es Salaam, yaweza kubadilika kabla ya jioni. Mkulima asiye na mtu wake sokoni huambiwa bei na yule yule atakaye kununua kwake. Chama chaweza kumweka mtu mmoja mwaminifu apige simu kila asubuhi kuwaarifu wanachama wote. Kazi ndogo, faida kubwa.

Hasara ya nne ni kuvuna wote siku moja. Bei ikipanda mwaka huu, kila mtu hupanda nyanya kwa msimu ujao. Nazo huiva zote pamoja, soko likajaa, bei ikaanguka. Nyanya huanza kuvunwa yapata miezi miwili na nusu hata mitatu baada ya kupandikizwa. Kwa hiyo mahali palipo na maji ya mfereji, wanachama waweza kugawanyika katika mafungu, fungu moja lipandikize, la pili lifuate baada ya majuma mawili, na la tatu vivyo hivyo. Mnunuzi atapenda kuja mahali apatapo mzigo kila juma, naye mkulima hatashindana na ndugu yake. Mtu mmoja hawezi kupanga zamu. Huhitaji watu waliokubaliana na kuandika.

3. Jina la zao ni mali ya wote

Katika biashara ya mazao mabichi, jina jema la mahali ni mali. Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Yaliyowapata wakulima wa Kenya yatufundisha jambo hili.

Kwa miaka mingi wakulima wadogo wa Kenya wamelima maharagwe machanga, ambayo wao huyaita mishiri, pamoja na njegere, kwa ajili ya masoko ya Ulaya. Wakaguzi wa huko walipoona katika baadhi ya shehena mabaki ya dawa ya wadudu iitwayo dimethoeti, yaliyopita kiasi kinachoruhusiwa, Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba tangu Januari 2013 shehena 10 katika kila 100 za maharagwe na njegere kutoka Kenya zifunguliwe na kupimwa mpakani. Upimaji una gharama, tena hula wakati; na zao bichi halina wakati. Baadhi ya wanunuzi walipunguza kununua kwa wakulima wadogo, maana waliona vigumu kujua ni nani aliyepuliza dawa gani, na siku gani. Hivyo hata mkulima aliyefuata kanuni zote aliadhibiwa pamoja na yule asiyezifuata.

Chama chaweza kufanya nini katika neno kama hili? Kwanza, chaweza kununua dawa kwa pamoja kutoka duka linalojulikana, isije dawa ya uongo. Pili, chaweza kuwafundisha wanachama kungoja siku zilizoandikwa juu ya chupa kati ya kupuliza na kuvuna. Tatu, chaweza kuwa na daftari ya kila shamba: lilipandwa nini, lilipulizwa nini, lini, na nani. Mzigo mmoja ukionekana na kasoro, daftari huonyesha umetoka shamba gani, na wengine wasio na hatia hawaharibikiwi.

Tena liko jambo la vyeti. Mwaka 1997 wenye maduka makubwa wa Ulaya walianza kuweka kanuni za kilimo safi, na tangu mwaka 2007 kanuni hizo zaitwa GLOBALG.A.P. Gharama ya kukaguliwa ni nzito kwa mkulima wa nusu eka. Lakini kanuni hizo zaruhusu kundi la wakulima kukaguliwa pamoja na kupata cheti kimoja, mradi kundi liwe na uongozi, daftari, na ukaguzi wake lenyewe. Mlango ambao mtu mmoja hawezi kuulipia, kundi laweza kuufungua.

4. Vyama vikubwa vya biashara

Kushirikiana si jambo geni katika nchi zetu. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha Kilimanjaro Native Planters Association. Joseph Merinyo alikuwa mmoja wa viongozi wake. Baada ya sheria ya vyama vya ushirika kutungwa katika Tanganyika mwaka 1932, chama hicho kilifuatwa na KNCU mwaka 1933.

Wakulima wa mboga nao wana historia yao, iliyo chungu kidogo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakulima wa Nyeri, katika Kenya, walilima mboga kwa ajili ya kiwanda cha kukausha mboga cha Karatina, chakula cha askari. Vita vilipokwisha, kiwanda kikafungwa. Mashamba yalikuwapo, na ustadi ulikuwapo, lakini mnunuzi hakuwapo. Somo lake ni hili: kuwa na mnunuzi mmoja tu, hata akiwa mwema, ni kutundika nyumba nzima juu ya msumari mmoja. Chama chenye busara hutafuta masoko mawili au matatu.

Siku hizi viko vyama vinavyounganisha biashara nzima: wakulima wadogo, wenye mashamba makubwa, wasafirishaji, na wauza mbegu. Kenya wana chama cha wauzaji wa mazao mabichi nchi za nje, FPEAK, kilichoanzishwa mwaka 1975. Tanzania iko TAHA, iliyoanzishwa mwaka 2004, na makao yake ni Arusha. Kazi ya vyama hivyo si kununua nyanya zako mlangoni. Kazi yao ni kusema na serikali juu ya kodi, ushuru, bandari na viwanja vya ndege, kuleta habari za masoko na kanuni zake, na kufundisha. Mwezi wa Aprili 2010, moshi na majivu ya mlima wa Iceland yalipofunga anga ya Ulaya kwa siku kadhaa, mboga na maua ya Kenya yaliharibika kwa kukosa ndege. Siku kama hizo mkulima mmoja hana wa kumwuliza, na sauti yake haifiki mbali. Kidole kimoja hakivunji chawa.

5. Mambo yaharibuyo chama

Haifai kusifu chama bila kutaja yanayokiua, maana vimekufa vingi.

La kwanza ni kuuza kwa mlango wa nyuma. Siku moja mnunuzi atakuja shambani kwako akupe bei iliyozidi kidogo ile ya chama. Siku hiyo ndiyo mtihani wako. Rudi kwenye mfano wetu: chama kimekodi lori kwa shilingi 240,000 kwa matenga 80. Wanachama watatu wakiuza kwingine, yabaki matenga 50, na gharama ya kila tenga yapanda kutoka shilingi 3,000 hata 4,800. Tena mnunuzi wa mjini aliyeahidiwa 80 hatawaamini tena. Basi wengi wenye kudanganya chama hujidanganya wenyewe, maana chama kikifa, yule mwenye bei nzuri atairudisha bei ya zamani.

La pili ni kuficha mbaya chini ya nzuri. Tenga lenye nyanya nzuri juu na zilizopasuka chini laharibu bei ya matenga yote. Chama kiwe na wachambuzi wawili, wabadilishwe kwa zamu, nao wasipime mzigo wa nyumba yao.

La tatu ni fedha isiyoandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila shilingi iingiayo ipewe risiti. Kila itokayo iwe na sahihi mbili. Na hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote, si kwa wakubwa peke yao. Mwanachama aombaye kuona daftari asiitwe mchochezi.

La nne ni kuandika jina lisilo la mfanya kazi. Katika nyumba nyingi mke ndiye apaliliaye na kumwagilia bustani, lakini mume ndiye aliyeandikwa. Mtu asiyepokea malipo wala kuhudhuria mkutano hawezi kujifunza kanuni zake. Aandikwe yeye alimaye. Na wakilima wote wawili, waandikwe wote wawili.

6. Jinsi ya kuanza

Anzeni wachache mnaojuana kwa kazi, wenye zao moja na njia moja ya kwenda sokoni. Nunueni mizani kabla ya kununua kitu kingine cho chote. Fanyeni safari moja ya pamoja, gawanyeni fedha siku ile ile, na hesabu isomwe. Mkiisha kuaminiana kwa msimu mzima, mwendeeni Afisa Ushirika wa halmashauri awaonyeshe njia ya kuandikishwa. Katika Tanzania vyama hivyo vyaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Baada ya hapo yafaa kuulizia uanachama katika chama kikubwa cha biashara. Kabla ya kulipa ada, ulizeni: tutapata nini kwa mwaka, tutapewa na nani, na tutapiga kura vipi?

Kama mmekwisha kuwa na chama nacho chalala, msianzishe kingine kwa hasira. Kwanza someni daftari.

Maswali ya kuzungumza

1. Msimu uliopita, ni matenga au magunia mangapi yaliyooza hapa kijijini kabla ya kuuzwa? Hesabuni thamani yake.
2. Gunia tunalouza lina kilo ngapi kwa mizani? Nani amelipima?
3. Nani kati yetu ajua bei ya leo ya mjini, naye aliipata kwa nani?
4. Tukigawa zamu za kupandikiza, maji yetu yatatosha kwa mafungu mangapi?
5. Mnunuzi akija kesho na bei iliyozidi ya chama kwa shilingi 500, tutamjibu nini? Jibuni leo, kabla hajafika.