Somo la Juma: Tuvune Tikiti kwa Wakati, Tulikate kwa Usafi



Katika Hesabu 11:5 Waisraeli wakiwa jangwani waliyakumbuka matikiti ya Misri. Sisi hapa Durban hatuyakumbuki tu. Waliopanda uani mwezi wa Oktoba sasa wanakaribia kuvuna, na mengi tutayala pamoja baada ya ibada. Basi tujifunze.

1. Tusiwe na haraka. Tikiti likishachumwa haliongezi utamu. Tuangalie kikamba kinachojiviringa karibu na kikonyo: kikikauka, tunda limekaribia. Tuligeuze taratibu: sehemu iliyolala chini iwe imetoka weupe na kuwa manjano. Ganda likiiva hupoteza mng'ao. Tukate kikonyo kwa kisu, tusivute.

2. Tuoshe kabla ya kukata. Ganda limelala udongoni, na kisu hubeba vijidudu vya nje hadi ndani. Tusugue tunda zima kwa brashi chini ya maji ya bomba. Mikono, kisu na ubao viwe safi.

3. Lililokatwa lisikae nje. Vipande visizidi saa mbili mezani. Siku ya joto kali, saa moja tu. Vilivyobaki vifunikwe na kuwekwa kwenye friji. Tusisahau mlipuko wa listeria wa 2017 na 2018 hapa Afrika Kusini. Ulitokana na poloni, ukaua watu zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga. Kijidudu hicho huweza kukua hata kwenye tikiti lililokatwa, tena ndani ya friji. Kwa hiyo mama wajawazito na wazee wetu wapewe lililokatwa wakati uleule.

4. Tuangaliane. Mwenye kisukari ale kipande kidogo, wala asinywe juisi yake. Watoto wadogo tuwatolee mbegu na kuwakatia vipande vidogo, wasipaliwe.

Mwisho, Walawi 19:10 inaagiza kwamba sehemu ya mavuno iachwe kwa ajili ya maskini na mgeni. Sisi wenyewe ni wageni hapa, lakini mwenye bustani ana cha kutoa. Majirani zetu Wazulu huliita tunda hili ikhabe. Tuwapelekee moja lililoiva, tena zima, walikate wenyewe nyumbani kwao.

Swali la kujadili nyumbani: Mavuno yetu ya mwaka huu, nani nje ya familia yetu atayaonja?

Mbarikiwe.