Muhuri Si Hirizi

Ndugu msomaji, wanaojiunga na Jumuiya yetu huuliza mara kwa mara: ikiwa Uislamu wakataza hirizi, mbona Waahmadiyya wengi wavaa pete zenye maandishi ya Kiarabu? Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu.

Kwanza tuujue muhuri. Mtukufu Mtume s.a.w. alipotaka kuwaandikia wafalme barua, aliambiwa kuwa hawasomi barua isiyo na muhuri. Ndipo akatengenezewa pete ya fedha, iliyochorwa kwa mistari mitatu: Muhammad, Rasul, Allah. Akawakataza wengine kuchora hivyo katika pete zao. Lau pete ile ingalikuwa kinga ya mwili, asingaliwanyima masahaba zake. Lakini ilikuwa alama ya kuthibitisha barua, na alama ya mtu mmoja haiwi ya wawili. Zama za Seyidna Uthman r.a. ilitumbukia katika kisima cha Aris, ikatafutwa siku tatu isionekane. Pete ikapotea; dini haikupotea.

Pili, tuijue hirizi. Mafundi wa Kiislamu walichora sana mawe ya akiki. Jiwe la muhuri lilichorwa kinyume, ili likigandamizwa juu ya karatasi maandishi yasomeke sawasawa. Jiwe la hirizi lilichorwa moja kwa moja, kwani kazi yake ilikuwa kuvaliwa tu. Nyingine zilitiwa nyota iitwayo Khatamu ya Suleimani, au mraba wa nyumba 9 wenye tarakimu 1 hadi 9, ambao ukijumlisha kwa mapana, kwa marefu au pembe kwa pembe wapata 15. Ni hesabu nzuri, lakini hesabu haisikii maombi. Mtukufu Mtume s.a.w. amefundisha kwamba kutundika hirizi ni shirki.

Ama pete yetu, asili yake ni mwaka 1876, wakati baba yake Seyidna Ahmad a.s. alipokaribia kufariki. Yeye alipoingiwa na wasiwasi wa riziki, alifunuliwa maneno ya Kurani Tukufu yanayouliza kama Mwenyezi Mungu hamtoshi mja Wake. Akayachoresha katika jiwe la pete huko Amritsar, yawe ukumbusho wa ahadi ile. Anayetosha ni Mungu, si jiwe.

Basi jipime. Ukiogopa kulala bila pete hiyo, umekwisha kuigeuza hirizi, ivue, usali. Na mama aliyekufunga hirizi utotoni usimdharau, alitaka upone. Mwelekeze kwa upole kwenye dua.

Mwenyezi Mungu atutosheleze. Amin.