Kuchomelea Sio Kumaliza Kazi

Hapa Kimbo mafundi wa jua kali hawahesabiki. Fundi akishachomelea chuma, wengi hudhani kazi imekwisha. Kumbe bado! Mbona basi kikivunjika tena huvunjika kando tu ya kiungo?

Sababu ni kwamba moto hupanua chuma mahali pamoja, na pembeni kungali baridi. Kikipoa hunywea, sehemu zikavutana, na mkazo huo hubaki ndani bila kuonekana. Tena chuma chenye kaboni nyingi kikipoa ghafla huwa kigumu lakini huvunjika kama kioo. Kukimwagia maji ndio kukiharibu kabisa.

Dawa ni kukipasha moto kabla ya kazi, kisha kukifukia majivuni kipoe polepole.

Aloi za nikeli za injini za ndege zina masharti zaidi. Inconel 718 hupashwa nyuzi 980 hivi za Selsiasi, kisha hukaa kwenye 720 kwa saa 8, halafu 620 kwa saa kadhaa, ndipo nguvu zirudi.

Springi ya matatu je? Hiyo isichomelewe, inunuliwe mpya, maana majivu huilegeza na maji huivunja. Wenzangu, matatu hubeba roho za watu. Haraka haraka haina baraka.