Kuongeza vitesi kwa Ford T: freni ije kwanza

 Leo tunataka kusoma pamoja juu ya motokari ya zamani, sababu inaonyesha wazi yale tunayojifunza katika fizika.

Ford T ilitengenezwa Marekani toka 1908 mpaka 1927, zaidi ya milioni 15. Hata sasa wako watu wanaozitunza na kuzitembeza barabarani. Wengi wanataka ipande mlima vizuri kuliko zamani, basi wanabadilisha upande wa vitesi. Lakini fundi mwenye akili haanzi na vitesi, anaanza na freni. Kwa nini?

Tufanye hesabu kwanza. Motere inatoa nguvu za farasi 20 ikizunguka karibu mara 1600 kwa dakika. Ponti ya nyuma, yaani lile sanduku la meno linalogawia magurudumu mawili nguvu, inapunguza mzunguko mara 3,64. Bwate ina vitesi mbili tu za kwenda mbele: ya juu haipunguzi kitu, ya chini inapunguza tena mara 2,75. Gurudumu likizunguka mara moja linapita karibu metre 2,4. Chukua kalamu, utapata kilometre 63 kwa saa kwa vitesi ya juu, na 23 tu kwa ya chini. Katikati hakuna kitu! Mbele ya mlima wa kadiri vitesi ya juu inashindwa. Ya chini inapanda, lakini motere inalia sana na mtu wa baiskeli anakufuata nyuma.

Dawa moja ya zamani ni ponti ya Ruckstell, iliyouzwa wakati ule ule wa Ford T. Ndani yake mna meno mengine, na kwa mkono mmoja wa chuma unapunguza mzunguko karibu sehemu moja ya tatu. Zile kilometre 63 zinakuwa 42. Ndiyo vitesi iliyokosekana. Wengine wanatia bwate ya pili, kama ile ya Warford, kati ya bwate ya Ford na ponti. Kwa kazi hiyo shafti inakatwa iwe fupi.

Sasa angalieni hatari. Pedali ya freni ya Ford T haishiki magurudumu. Inakaza mkanda juu ya ngoma iliyo ndani ya bwate yenyewe, katika mafuta ya motere. Nguvu ya kusimamisha inapita kwa shafti, inapita kwa ponti, ndipo inafika chini. Njia ya kwenda ndiyo njia ya kusimama. Ikikatika popote, unakanyaga bure.

Na bwate ya pili inaweza kuikata. Ukibadilisha vitesi kwenye mteremko na meno yakikataa kuingia, motere na freni vyote vinabaki upande wa pili, motokari inateremka peke yake. Ruckstell nayo inaweza kukwama katikati. Shofere wa kamio akikosa vitesi mlimani anaogopa, lakini yeye bado iko na freni ya magurudumu. Huyu wa Ford T anabaki na freni ya mkono tu, iliyo dhaifu, inayofaa zaidi kushika motokari iliyokwisha kusimama.

Kuna adui mwingine anayejificha. Ndani ya ponti ya kiwandani mna rondele za babiti, madini laini yenye bati. Miaka ikipita zinapasuka na kumomonyoka. Hapo gurudumu kubwa la meno linasogea, linaachana na lile dogo, na freni inapotea hata kama hukuongeza vitesi yoyote.

Kwa hiyo kazi inafuatana hivi: wanafungua ponti na kuweka rondele za shaba nyeusi, kisha wanafunga freni za mikanda juu ya ngoma za magurudumu ya nyuma, zile zinazoitwa Rocky Mountain, ndipo Ruckstell au bwate ya pili. Kwa maoni yetu Ruckstell inatosha kwa mtu wa milima.

Wenye kupenda hesabu watafute na vitesi ya kurudi nyuma, inayopunguza mara 4. Iko na nguvu kupita zote. Tena, katika Ford T nyingi tanki la esanse lilikuwa chini ya kiti na esanse ilishuka yenyewe bila pompe, ndiyo sababu kwenye mlima mkali sana watu walipanda kinyumenyume.